Sihesabu Tena Magunia Peke Yake

Kwa miaka mingi swali langu kwa mkulima lilikuwa moja: umepata magunia mangapi? Ndivyo nilivyofundishwa chuoni niliposomea kilimo, na milima ya Masisi, huku Kongo, haikunipa sababu ya kuuliza vingine. Mahali ambapo watu wamekimbia mashamba yao, wakarudi, wakakimbia tena, gunia lililojaa ni habari njema isiyohitaji maelezo. Leo nauliza pia kilichomo ndani ya gunia, tena naanza kuuliza kabla mbegu haijagusa udongo. Natoa ushuhuda huu kwa sababu badiliko hilo lilinijia kupitia somo ambalo wanafunzi wetu hulikariri kwa ajili ya mtihani wa Serikali kisha wakaliacha hukohuko chumba cha mtihani: usanisinuru.

Nimezaliwa juu, upande wa Mushaki, katika nyumba ya maharagi, viazi na ng'ombe. Nimeolewa chini, Walikale, kwa Wanyanga, katika nyumba ya mihogo, ndizi na mawese. Aliyewahi kupanda kutoka Sake hadi Masisi, kisha akashuka kwa Nyabiondo na Kashebere mpaka msitu wa Walikale ukammeza, anajua mambo yanavyogeuka njiani. Juu kuna baridi, ukungu wa asubuhi, malisho yanayopanda hadi vileleni, na ile fromaji ya mviringo inayosafirishwa mpaka Kinshasa. Chini kuna joto, mvua nzito, na miti ambayo ukiinua shingo huoni inapoishia. Njia ikiwa wazi, maharagi hushuka na mawese hupanda. Vita vikiifunga, kila upande hula cha kwake. Hilo nitalirudia.

Swali lililonianzisha lilitoka darasani ninamofundisha. Kati ya Goma na Sake kuna mabonde madogo tunayoyaita mazuku. Kaboni dioksidi, yaani hewa ya ukaa, hupanda kutoka chini ya ardhi ya volkano ikajikusanya humo, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa nyingine hulala chini palepale, hasa usiku usio na upepo. Mbuzi huingia, mbwa humfuata, na mara nyingine mtu humfuata mbwa, hawatoki. Wanafunzi wangu wengi wakati ule walikuwa watoto waliohamishwa na vita, waliokuwa wamelala kambini pande za Bulengo, na mazuku waliyajua kwa macho yao. Mmoja akasimama: "Mwalimu, kama hii hewa inaua mbuzi, juu ya nini kitabu kinasema ni chakula ya mimea?"

Nililipenda swali lile, na bado nalipenda. Jibu lake fupi ni kipimo. Katika hewa tunayovuta kila siku, hewa ya ukaa ni sehemu 4 hivi katika kila 10,000. Ndani ya mazuku inaweza kupita 10 katika kila 100, na hapo kiumbe hukosa pumzi. Hata mmea haustahimili kila kiasi. Huko California, kwenye mlima wa Mammoth, kuanzia mwaka 1990 hewa hiyohiyo ya volkano ilijaa katika udongo ikaua miti eneo zima, maana jani hula hewa ya ukaa lakini mzizi unahitaji oksijeni.

Jibu refu lilinitoa darasani. Hewa ya ukaa inaongezeka duniani kote. Kabla ya viwanda ilikuwa kama sehemu 280 kwa milioni. Mwaka 1958, Charles Keeling alipoanza kuipima juu ya Mauna Loa huko Hawaii, ilikuwa kama 315. Sasa imepita 420. Mkongomani wa kawaida hana mkono katika hilo. Utoaji wetu wa hewa hiyo kwa kila mtu ni miongoni mwa midogo kabisa duniani, na inaniuma kwamba hesabu ya deni inaletwa hata kwenye sahani ya mtoto wa Kashebere ambaye hajawahi kuwasha injini. Lakini hewa imekwisha kubadilika. Basi mimea inapopewa chakula zaidi ya ilichozoea, inafanya nini? Nilikwenda kutafuta, kwa vitabu vya kuazima na makala nilizopakua usiku wakati mtandao una nguvu.

Jambo la kwanza nililolishika ni kwamba mimea haili kwa namna moja. Mingi, ikiwamo maharagi, mihogo, viazi, ndizi, mpunga, kahawa na miti ya msitu wa Walikale, huikamata hewa ya ukaa moja kwa moja kwa kimeng'enya kiitwacho rubisko, na kitu cha kwanza kutengenezwa kina kaboni tatu. Njia hiyo ilifumbuliwa na Melvin Calvin na wenzake, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Rubisko ina udhaifu: haitofautishi vizuri hewa ya ukaa na oksijeni. Ni kama mama anayechagua mchele gizani, mara anashika punje, mara jiwe. Kila inaposhika oksijeni, mmea hupoteza sehemu ya ulichokwisha kutengeneza. Hasara hiyo inaweza kufika robo, na joto likizidi nayo huzidi.

Mahindi, mtama, miwa, lengalenga (mchicha) na nyasi ya Kikuyu iliyotanda katika malisho ya Masisi hufanya vingine. Mwaka 1966 Marshall Hatch na Roger Slack, wakichunguza muwa huko Australia, walieleza jinsi mimea hiyo inavyoifunga hewa ya ukaa kwanza ndani ya kitu chenye kaboni nne, ikakisafirisha hadi kwenye chembe zinazozunguka mishipa ya jani, na huko ikaifungua kwa wingi mbele ya rubisko mpaka oksijeni ikose nafasi. Kazi hiyo inagharimu nguvu, lakini penye jua kali na joto inalipa. Aina za mimea ya kaboni nne ni kama 3 tu katika kila 100, ila zinafanya karibu robo ya usanisinuru wote wa nchi kavu. Kuna na kundi la tatu, lenye nanasi, linalofungua vitundu vya majani usiku na kuvifunga mchana ili kuokoa maji. Kwa chakula chetu cha kila siku kundi hilo ni dogo, nalipita.

Nilipofika hapo nilianza kuiona njia ya Masisi hadi Walikale kwa jicho jingine. Kwenye Mlima Kenya, utafiti uliotolewa mwaka 1979 na Larry Tieszen na wenzake ulionyesha kwamba chini ya mita 2,000 karibu nyasi zote ni za kaboni nne, na ukipita mita 3,000 karibu zote ni za kaboni tatu. Baridi inapunguza makosa ya rubisko, joto linayaongeza. Milima yetu haifiki huko juu kabisa, ndiyo maana malisho ya Masisi yanaweza kuwa ya kaboni nne huku shamba la maharagi pembeni yake likiwa la kaboni tatu, chini ya mvua ileile. Na hewa ikiongezwa ukaa, hayo mashamba mawili hayajibu sawa.

Wataalamu wamelijaribu hili nje, shambani, kwa kuzungusha mabomba kwenye mimea na kupuliza hewa ya ukaa hadi kama 550 kwa milioni, kiwango ambacho dunia inaweza kukifikia kabla ya karne hii kwisha. Ngano, mpunga na soya, zikipata maji na mbolea, huongeza mavuno kwa asilimia 10 hadi 20. Mahindi huko Illinois, mvua ilipotosha, hayakuongeza kitu. Yalikuwa yameshiba tangu mwanzo. Faida ya mahindi na mtama ni ya namna nyingine: hewa ya ukaa ikizidi, vitundu vya majani hujibana, maji hutoka polepole, na ukame ukija mmea huchelewa kunyauka.

Kisha nikafika kwenye mihogo. Illinois hiyohiyo, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012, mihogo iliyopandwa shambani katika hewa ya namna hiyo ilizaa mizizi kwa uzito unaozidi mara mbili. Mara mbili! Nilimsomea mume wangu, naye akasema Walikale italisha Kongo. Lakini mwaka 2009, huko Australia, Ros Gleadow na wenzake walikuwa wameipanda katika vyungu, ndani ya nyumba ya vioo, wakapata kinyume: mizizi ilipungua, na ndani ya majani sianidi iliongezeka ukiilinganisha na protini. Majaribio hayo mawili hayakupatana, na nafikiri chungu kinachobana mzizi kina neno katika tofauti hiyo. Hata hivyo sikuweza kuyaacha yale majani. Majani ya muhogo ndiyo sombe. Walikale sombe si mboga ya pembeni, ndiyo mboga.

Katika majira hayohayo nikakutana na mama mmoja aliyekimbia kutoka Masisi na kupokelewa na jamaa za mume wangu. Alikuwa amepewa kipande cha shamba, akalima mihogo kwa bidii ambayo sijaiona kwa wengi. Kituo cha afya kilimwambia wanawe hawana damu. Akaniuliza: "Mwalimu, batoto banakula banashiba, sasa juu ya nini damu inakosekana?"

Malaria na minyoo nilimtajia kwanza, maana hata muuguzi angeanzia hapo. Halafu tukazungumza chakula. Kule juu walikuwa wakila maharagi karibu kila siku, maziwa mara kwa mara. Huku chini wanakula bugali ya muhogo na sombe, jioni tena bugali ya muhogo na sombe. Tumbo linajaa. Chuma, zinki na protini havijai.

Ndipo nilipoelewa uzito wa makala niliyokuwa nimeisoma juujuu. Mwaka 2014 Samuel Myers wa Harvard na wenzake walikusanya majaribio ya shambani kutoka Marekani, Japani na Australia, wakapima nafaka na kunde zilizokua katika hewa yenye ukaa mwingi. Ngano ilipoteza zinki kwa asilimia 9 hivi, chuma kwa 5 na protini kwa 6. Soya na njegere nazo zilipungukiwa zinki na chuma, ingawa protini yake haikutikisika sana, kwa kuwa jamii ya kunde hupata naitrojeni kupitia bakteria wa mizizini. Mahindi na mtama kwa jumla viliguswa kidogo. Kwa maneno mengine, mimea ileile ambayo hewa hii inaijaza, ndiyo inayopungukiwa ndani: sukari na wanga vinaongezeka haraka, madini hayafuati mwendo.

Maharagi ni ya kaboni tatu, na kwa Masisi ndiyo nyama ya asiye na ng'ombe. Asilimia 4 au 5 ya chuma ikipungua kwa mtu anayekula nyama na mayai, hatajua. Kwa mtoto anayekaa ukingoni mwa kukosa damu, nafasi ya kupoteza haipo.

Sikumwambia yule mama kwamba hewa ndiyo iliyowanyima wanawe damu. Isingekuwa kweli. Kilichowanyima ni vita vilivyowaondoa kwenye maharagi yao na njia iliyofungwa. Lakini niliona kwamba hewa inasukuma upande uleule ambao vita vinasukuma: wanga mwingi, madini machache. Nikatambua kwamba ushauri wangu wa miaka yote, panda kinachozaa sana, unaelekea upande huohuo.

Tangu hapo nimebadilika kazini na nyumbani. Nataka kusema wazi nafanya nini.

Kwanza ni lengalenga. Nilikua nikiiona inaota yenyewe karibu na jaa, na wakubwa waliiita mboga ya shida. Sasa naitetea kila mahali. Ni ya kaboni nne, inavumilia jua na joto la Walikale, inakatwa na kuchipuka tena, na majani yake yana chuma, kalsiamu na protini. Kwa mtu aliyehamishwa ambaye hana uhakika wa kukaa msimu mzima, mboga inayochumwa baada ya wiki chache ina thamani zaidi kuliko muhogo wa mwaka. Nawaambia akina mama waipande kuzunguka nyumba na kuichanganya na sombe, wala wasiiache sombe.

Pili ni kuitengeneza mihogo kwa uangalifu, na hapa nakuwa mkali. Nchi yetu inaujua ugonjwa wa konzo, uliotangazwa kitabibu mwaka 1938 na daktari Trolli aliyewaona wagonjwa wa Kwango. Miguu hukakamaa ghafla na hairudi. Huwapata hasa watoto na wanawake, katika miezi ambayo watu wanakula mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha na hawana protini pembeni. Burhinyi, Kivu Kusini, nako kumeonekana wagonjwa. Mwili unaweza kuiondoa sianidi, lakini unahitaji salfa itokayo kwenye protini: samaki, nyama, mayai, na kwa kiasi maharagi. Kwa hiyo muhogo wa Walikale unahitaji haragi la Masisi ili uwe chakula salama, na kila kizuizi barabarani kinawatenganisha. Mihogo michungu ilowekwe siku tatu au zaidi. Sombe itwangwe barabara, ichemshwe muda mrefu bila haraka ya kuokoa kuni. Unga ukiwa na shaka, Howard Bradbury wa Australia alileta njia ambayo imetumika Kwango: loweka unga kwa maji, utandaze kwa wembamba saa mbili juani au saa tano kivulini, halafu songa bugali. Haihitaji hela.

Tatu ni mbegu. Shirika la HarvestPlus na INERA, taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, wameleta Kongo maharagi yaliyoteuliwa kwa chuma kingi. Zamani ningeuliza kwanza yanazaa kiasi gani. Sasa nayachukua hata kama jirani ana aina inayojaza gunia haraka, na najaribu kumshawishi jirani naye apande mistari michache kwa ajili ya chungu chake mwenyewe, ile nyingine aipeleke sokoni. Mwenye shida ya ada ya shule hatakiwi kuhubiriwa kuhusu zinki; atauza kinachouzika, na ana haki.

Mahindi nimeyapa heshima mpya pia. Hayatanufaika na hewa hii kama mihogo, lakini hayadanganyi ndani yake, na kiangazi kikivuta yatavumilia zaidi. Nayapanda pamoja na maharagi kama bibi zetu walivyofanya.

Msitu nao umeingia katika mafundisho yangu, kwa sababu watu wa Walikale huombwa kila siku waulinde bila kuelezwa unafanya nini. Miti ile inaila hewa hii. Mwaka 2020, kundi kubwa la watafiti wakiongozwa na Wannes Hubau, baada ya kupima miti katika viwanja 244 vya nchi 11 za Afrika, waliandika kwamba msitu usioguswa ulikuwa ukiweka kama tani 0.66 za kaboni kwa hekta kila mwaka, kwa miongo mitatu hadi 2015, wakati uwezo wa Amazon ulikuwa umeanza kushuka tangu miaka ya 1990. Lakini hata wetu ulianza kuonyesha dalili za kuchoka tangu 2010 hivi: miti inayokua haraka hufa mapema, na joto na ukame hula kile ambacho hewa ya ukaa inaongeza. Wanafunzi wangu wanaposikia kwamba msitu ulioko nyuma ya shule yao unafanyia kazi London na Beijing bila malipo, wanakasirika, nami siwatulizi.

Kuna utafiti mmoja unaonizuia kuahidi mambo. Huko Cedar Creek, Minnesota, Peter Reich na wenzake walizipa nyasi za kaboni tatu na za kaboni nne hewa ya ukaa iliyoongezwa, kwa miaka 20. Miaka 12 ya kwanza ilienda kama vitabu vinavyosema, za kaboni tatu zilinufaika na za kaboni nne hazikunufaika. Miaka 8 iliyofuata ikageuka: za kaboni nne zikastawi zaidi, za kaboni tatu zikasimama. Walipotafuta sababu waliikuta chini, katika naitrojeni ambayo udongo ulikuwa ukiitoa. Makala hiyo ilitoka mwaka 2018, na kila ninaposimama mbele ya wakulima wa Masisi, ambako miteremko inapoteza udongo wake kwa kila mvua, naikumbuka. Nikiwaambia maharagi yatanufaika na hewa mpya, nitakuwa nimesema nusu. Haragi linanufaika pale tu udongo ulipo. Kwa hiyo nusu ya mazungumzo yangu kuhusu hewa ni mazungumzo kuhusu matuta, samadi ya ng'ombe na miti ya kuzuia mmomonyoko.

Ninachokiomba sasa ni vipimo. Illinois na Australia zimetusaidia, lakini sombe ya Walikale inaota katika joto na udongo wake, na maharagi ya Masisi yanaota kwenye baridi na majivu ya volkano. Yapimwe chuma, zinki na protini, na majani ya muhogo yapimwe sianidi. Kisha vipimo virudiwe baada ya miaka kadhaa katika mashamba yaleyale. Kituo cha INERA cha Mulungu kimefanya kazi ya maharagi kwa miaka mingi, na vyuo vikuu vya Goma na Bukavu vina vijana wanaotafuta mada ya kuandikia. Wanafunzi wangu wamejitolea kukusanya sampuli. Tumekubaliana kila mfuko uandikwe kijiji, mwinuko wa shamba, aina ya mbegu na tarehe ya kuchuma, na tuanze na mavuno ya msimu B, yaani msimu wa pili wa kilimo, juu na chini, njia ikituruhusu kupita.